Mitutu Miwili ya Babu Pazi

Bunda, 3 Mei 1955

Kwa mtoto wa shangazi yangu, Mwanaupe binti Hamduni, Musoma.

Pokea salamu za mfungo kutoka kwa watu wenye njaa. Sisi huku wazima, ila mama ana kikohozi. Yeye anasema ni vumbi la shamba la Mugeta, mimi nasema ni ukaidi wa kulima huku amefunga. Msalimie shangazi. Mzee Hamduni mwambie kwamba ile pete aliyomtengenezea mama haijavuliwa tangu arobaini ya Babu. Kazi yangu ya kutengeneza baiskeli inakwenda, maana miiba ya Bunda haifungi Ramadhani.

Sasa nisikuchoshe. Tangu Babu Pazi atuachie bunduki yake nimekuwa mtu mwingine kabisa. Nikienda msikitini nasikia nyuma yangu watu wakinong'ona, "Huyo ndiye mwenye bunduki ya mitutu miwili." Sigeuki, lakini natembea polepole ili wamalize kusema. Wageni wanakuja dukani kwangu kuitazama. Nawaonyesha inavyokunjuka kiunoni, nawaonyesha risasi zake, nyembamba kuliko kidole cha mwisho cha mtoto. Kisha nawaeleza jinsi Babu alivyokuwa akiutoa mtutu mwembamba wa risasi na kuweka mtutu mpana wa marisau, zile punje zinazotawanyika, kwa ajili ya kanga na kware, bunduki ileile, kitako kilekile. Hapo ndipo wananiuliza huo mtutu mpana uko wapi, nami nakohoa kama mama.

Uko kwako. Na mimi nina shida nao. Ndege wameingia mtama wa mama, ni wengi mno, na risasi moja moja haiwezi kuwafukuza. Mpe Burito, dereva wa lori la pamba, aniletee. Nitaurudisha mtama ukivunwa.

Ni mimi, mwenye bunduki,
Twalib


Musoma, 27 Mei 1955

Kwa mtoto wa mjomba, Twalib, anayejiita mwenye bunduki.

Pokea mkono wa Idd, ingawa umeshapoa. Barua yako ya tarehe tatu imenifikia jana. Burito aliiweka ndani ya kofia yake, kisha hakuvua kofia mpaka siku ya Idd alipokwenda kuoga. Hapa sote wazima. Mama anakusalimia na anauliza kama umeshajifunza kupika. Baba mzima ila macho yanamsumbua, kwa hiyo siku hizi anakaa karibu sana na mlango anapofanya kazi. Juzi tulipata wageni kutoka Mwanza. Walikaa barazani na baba, wakala sato wakubwa wawili, wakaondoka wakitabasamu. Walizungumza nini, si shauri lako.

Kuhusu mtutu, jibu ni hapana. Umesahau maneno ya Babu? Alisema mbele yetu sote: kiwiliwili na mtutu mwembamba kwa Twalib, mtutu mpana kwa Mwanaupe, na ufunguo wa kubadilishia mitutu kwa mke wangu. Tulidhani ni homa, akatuuliza kama tumesikia, tukaitikia. Sasa ufunguo uko Butiama kwa Bibi Kijakazi. Hata nikikupa mtutu wangu, utaufunga kwa meno?

Tena tangu lini wewe ukauonea huruma mtama? Ulipokuwa mdogo ulitumwa kuamia ndege, tukakukuta umelala, na ndege amesimama juu ya tumbo lako. Mtutu wangu nimeuvika soksi ya baba, uko chini ya kitanda na haumsumbui mtu. Ukiutaka sana njoo mwenyewe, na usije mikono mitupu.

Mwanaupe


Bunda, 8 Juni 1955

Kwa mtoto wa shangazi mwenye roho ngumu.

Salamu. Kikohozi cha mama kimepungua. Ndege nao wamepungua, kwa sababu mama alichukua debe na kijiti akalipiga siku tatu mfululizo, na sasa wamehamia kwa jirani. Kwa hiyo suala la mtama limekwisha. Lakini mtutu bado nauhitaji. Sababu zipo.

Huyo ndege wa tumboni ni uongo wa watoto wa Mugeta.

Nina swali dogo tu, la kupitisha wakati. Mtu akimletea Mzee Hamduni pete ambayo ukingo wake umebonyea kwa ndani, yeye huifanyaje? Na je, akiletewa kitu kinachofanana na pete lakini ni cha chuma? Si changu. Ni cha rafiki.

Na hao wageni wa Mwanza wana shida gani? Mwanza hakuna masonara?

Twalib


Musoma, 20 Juni 1955

Kwa Twalib na rafiki yake.

Sisi wazima, mwambie mama nimefurahi kusikia habari za debe. Leo sitatania sana, maana nina jambo zito.

Jana nilikwenda Boma kumpelekea karani Boniphace saa ya mkewe ambayo baba aliitia kishikizo. Boniphace ni yule anayeandika huku ametoa ulimi. Aliponiona akafungua daftari la silaha akanisomea: "Pazi, Butiama, bunduki ndogo moja, mitutu miwili." Akaniambia cheti cha Babu kimekufa pamoja naye. Yeye amefumba macho kwa heshima ya msiba, lakini ikifika tarehe 30 Septemba lazima mrithi ailete bunduki Boma, kamili, mitutu yote miwili, na iwe inafanya kazi. Ikipungua kitu au ikiwa mbovu, itachukuliwa na kufungiwa stoo. Nikamuuliza inakaa stoo kwa muda gani. Akatazama dari.

Twalib, mimi nililia njiani, nakuambia ukweli. Babu alipewa ile bunduki na bwana mpima ardhi wa Buhemba alipoacha kazi ya machimbo, na kwa miaka ishirini na miwili aliifuta kila Alhamisi hata alipokuwa mgonjwa. Sitaki ikafie stoo katikati ya majembe mabovu. Nadhani na wewe hutaki.

Kwa hiyo nijibu. Kuna nini na mtutu mwembamba? Nilimuuliza Burito kama amewahi kukusikia ukipiga bunduki. Akasema, "Inapigwaga kila siku, Bunda yote inaijua, inalia ka!" Bunduki haisemi ka, bwana. Bunduki inasema pa.

Fanya hivi. Chukua kipande cha sabuni, kilainishe kwa maji ya moto. Kunjua bunduki, kisha kandamiza sabuni kwenye kinywa cha mtutu, pale risasi inapoingilia. Iache ikauke, ifunge kwa jani la mgomba, mpe Burito. Usiichonge wala usiilainishe. Baba huchukua hivyohivyo alama ya kitu asichoweza kukiona kwa macho, na sabuni haijui kuficha.

Mwanaupe


Bunda, 11 Julai 1955

Mwanaupe,

Barua hii nimeiandika mara nne. Mama mzima, anakusalimia. Sabuni hiyo hapo.

Sasa nakuambia yote, na usimsomee shangazi. Kila mgeni aliyeingia dukani baada ya arobaini alisema, "Fundi, hebu tuisikie basi." Babu aliacha risasi ishirini tu na nilizionea uchungu. Lakini mgeni ametoka mbali, unamwacha aende bure? Nikawa naivuta mtambo ikiwa tupu, naielekeza juu, nafyatua. Ka! Wanafurahi, wanacheka, kesho wanaleta jirani zao. Kuna mzee mmoja wa Kiikizu, kila siku ya gulio anakuja anakaa juu ya tairi kuukuu na kusema, "Lete tena, fundi. Hiyo sauti inanifungulyaga masikio." Nami naleta tena. Nadhani nimefyatua mara elfu. Huenda ni zaidi, maana mzee yule peke yake ni mia mbili.

Mwisho wa Aprili nikaamua sasa nipige risasi ya kweli. Nikaitia. Ikafika mlangoni ikakwama. Nikaisukuma kwa kidole gumba, ikakataa. Nikajaribu nyingine na nyingine, zote zinakataa palepale. Nikaona nikipata mtutu wako, angalau nitakuwa na mmoja unaopokea kitu, na hakuna atakayejua. Ndiyo habari yote ya ndege na mtama. Ndege walikuwepo kweli, lakini si wao walionitia jasho.

Kabla ya kukuandikia hii nilipanda baiskeli mpaka Butiama nikamwomba Bibi ufunguo, niutoe mtutu nimletee Mzee Hamduni kwa siri. Bibi akanipa ugali, akanipa samaki ningu wa kukaanga, akanipa maziwa. Ufunguo akaninyima. Akasema, "Babu yenu aliniambia ufunguo usitoke mpaka mje wawili. Mmoja mmoja mnakujaga kila mara, mnakula, mnaondoka."

Sikuwahi kufanya ujinga mkubwa kama huu, na nimefanya mwingi. Nisaidie.

Twalib


Musoma, 17 Julai 1955

Twalib, Twalib, Twalib!

Salamu baadaye, kwanza nicheke. Niliahidi moyoni nisimwonyeshe mtu, lakini baba aliniona nimeshika sabuni nikitetemeka kwa kicheko, akaichukua. Alisogea mlangoni kwenye mwanga, akaitazama, akauliza mara ngapi. Nikamwambia mara elfu. Miwani ikamwanguka.

Sabuni imesema yote. Juu ya ukingo kuna kovu moja, dogo kama punje ya ulezi, limeingia ndani ya njia ya risasi. Bunduki hii si kama zile kubwa za askari zinazogonga risasi katikati ya kitako. Hii inagonga pembeni, kwenye ukingo wa risasi. Risasi ikiwa haimo, pini inakwenda kugonga ukingo wa mtutu wenyewe, chuma kwa chuma. Ndiyo sababu Babu hakuachilia mtambo bila kutia kwanza ganda la risasi iliyokwisha. Lile ganda alilotembea nalo mfukoni miaka yote, wewe ulidhani ni hirizi?

Nyamaza sasa, usilie, linatengenezeka. Fundi yupo. Usiniulize ni nani. Idd ya kuchinja ni tarehe 30. Mimi na mama tutakuja Butiama kwa lori la Burito, nitaleta mtutu wangu, wewe lete bunduki na risasi. Bibi akituona wawili atakosa la kusema.

Na mpaka siku hiyo, mzee wa gulio akija, mpigie kengele ya baiskeli.

Mwanaupe


Bunda, 6 Agosti 1955

Kwa Mwanaupe, fundi.

Nimefika salama, baiskeli imepata pancha moja tu. Nakuandikia mambo ya Butiama ingawa ulikuwepo, kwa sababu mama ananitaka nimsimulie kila siku, na naona kila nikisimulia, lile kopo tulilolenga linazidi kuwa mbali. Basi hii ndiyo yenyewe, uiweke kabla sijaiharibu.

Ulipofungua kile kitambaa juu ya mkeka wa Bibi nikaona kinyundo, tupa, na ule mti wa chuma wa kunyooshea pete, mwembamba kuliko yote, nilitazama njiani. Nilidhani Mzee Hamduni anakuja nyuma yenu. Nikakuuliza, "Baba yuko wapi?" Ukasema, "Shika hapa, acha maneno." Nikashika. Asubuhi nzima uligonga kidogo, ukapaka mafuta, ukazungusha, ukapuliza, ukatazama kwenye mwanga, ukagonga tena. Hukusema neno, na mimi pia sikusema, na hilo mama anasema ndilo asiloweza kuliamini. Halafu ukachukua risasi, ukaiacha iteleze, ikaingia bila hata kupiga hodi. Mwanaupe, nilitaka kuruka. Nadhani niliruka.

Kwa nini hukuniambia kwamba kazi za Mzee Hamduni siku hizi unazifanya wewe? Nimekumbuka ulivyoandika kwamba anakaa karibu na mlango, nikajiona mpumbavu kwa kutouliza.

Sasa kopo. Kopo la samli, juu ya kichuguu, nyuma ya nyumba. Mimi kwanza, kama mwenye bunduki. Nakiri nilifumba macho, yote mawili. Kamba ya kuanikia ikakatika na kaniki za Bibi zikashuka chini zote kwa pamoja. Wewe wa pili, ukatoa vumbi kwenye kichuguu shibiri moja chini ya kopo, mimi nikapiga makofi kana kwamba mimi ndiye niliyelenga. Ndipo Bibi Kijakazi akatema tambuu, akasema, "Leteni." Akaishika kama mtu anayeshika mwiko wake mwenyewe. Pa! Kopo halipo.

Sitasahau nyuso zetu. Shangazi pekee hakushangaa, aliendelea kukuna nazi. Na Bibi akasema, "Kanga wote mliokulaga hapa, mlidhani aliwapiga nani? Babu yenu macho yake yalikuwa ya kusomea msahafu tu. Cheti kilikuwa na jina lake, kidole kilikuwa changu." Halafu akatoa ufunguo pindoni mwa kanga, akabadilisha mitutu mbele yetu haraka kuliko mimi ninavyobadili tairi, akapiga risasi moja ya marisau kwa ule mpana, akarudisha mwembamba, akaurudisha na ufunguo pindoni. Wewe akakupa lile ganda la Babu.

Mimi, wakati wa kuondoka, alinishika sikio pale mlangoni akaniambia jambo. Sitaliandika.

Bunduki sasa inasema pa. Nimepiga moja tu, juu ya mto, mzee wa gulio akiwa shahidi. Amesema ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi.

Twalib


Musoma, 20 Agosti 1955

Kwa mtoto wa mjomba.

Sisi wazima, mama ana maumivu ya mgongo kwa sababu ya lori, baba anakusalimia na kila akiona sabuni anaanza kucheka upya. Mimi pia Bibi aliniambia jambo. Nami sikuandikii.

Nimetoka Boma. Nilidhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo yanaanza. Boniphace amesema bunduki moja ni cheti kimoja, cheti kimoja ni jina moja, na jina moja ni nyumba moja. Mtutu hauwezi kulala Musoma na kiwiliwili kikalala Bunda. Mmoja wetu lazima aachie sehemu yake, na bunduki yote ikae kwa mwingine, kabla ya tarehe 30 Septemba. Nikamwambia Babu mwenyewe ndiye aliyegawa. Akasema Babu hakumuuliza.

Kwa haki, sehemu yako ni kubwa kuliko yangu. Ukitaka nikuachie, nitampa Burito mtutu wangu na soksi yake, nawe uje Boma kuandikisha. Sitanung'unika. Nitanung'unika kidogo.

Na jambo jingine, ulilouliza mwezi wa sita. Wale wageni wa Mwanza walikuja kuposa. Kijana wao ana duka la vitambaa, sijamwona, wanasema ni mpole. Wanarudi tarehe 20 Septemba kuchukua jibu. Baba ameniuliza ninataka nini, nikamjibu kwamba kwa sasa nafikiria habari ya bunduki. Akavua miwani, akasema, "Basi fikiri haraka."

Sema wewe, Twalib. Mimi nimeshaandika ya kwangu.

Mwanaupe


Bunda, 2 Septemba 1955

Mwanaupe,

USIMPE BURITO KITU!

Salamu, mama mzima, wote wazima, kuku wazima. Barua yako imefika leo saa nne, sasa ni saa sita na nimeshaharibu gurudumu la mteja, nimelifunga nyuma mbele. Hao wageni wako wa Mwanza wanihurumie tu.

Aliyoniambia Bibi pale mlangoni ni haya: "Babu yako alisema huyu mjinga anampenda binti wa shangazi yake tangu anaota ndevu na hatasema mpaka asukumwe. Ndiyo maana akagawa bunduki. Sasa kaa tu na kiwiliwili chako." Nimekaa nacho mwezi mzima. Kila nikitaka kukuandikia, naandika habari za kopo.

Nakupenda. Haya, limeandikwa, na sikulifumbia macho. Napenda mkono wako unavyoshika nyundo, na napenda unavyonicheka, maana baada ya kuchekwa na wewe najiona nimepona. Sitaki mtutu wako uje Bunda peke yake ndani ya soksi. Boma inataka nyumba moja, na mimi ninataka hiyohiyo.

Mama na baba mdogo watakuja kwenu Ijumaa tarehe 16 kuleta posa kama inavyostahili. Baiskeli zinapasuka hata Musoma, naweza kuhamisha duka, sina zaidi ya benchi na pampu. Mahari utaje wewe, ni haki yako. Sina duka la vitambaa. Taja tu, nitatafuta.

Ukikataa, chukua bunduki yote, iandikishe kwako, mimi nitabaki na kengele ya baiskeli.

Twalib


Musoma, 11 Septemba 1955

Kwa Twalib wangu.

Salamu za watu wote wa nyumba hii, ambao wameisoma barua yako kabla yangu, kwa sababu Burito aliingia uani akipiga kelele, "Ya leo sikuitia kofiani, ilikuwa inanichoma!" Mama alisoma kwa sauti. Alipofika kwenye gurudumu alikaa chini.

Jibu ni ndiyo. Nilidhani utaliona tangu nilipokuambia uje mwenyewe na usije mikono mitupu, lakini nilisahau kwamba ninamwandikia mtu anayelenga macho yamefumbwa.

Sasa mahari yangu. Nataka kiwiliwili na mtutu mwembamba. Sitaki kingine. Utaviweka mikononi mwangu mbele ya mashahidi, na mtutu mpana ninao, kwa hiyo bunduki ya Babu itakuwa yangu yote, na wewe utakaa nayo nyumba moja. Nilikwenda kwa Boniphace kumuuliza kama cheti kinaweza kuandikwa jina la mwanamke. Akafungua kitabu cha sheria, akasoma toka juu mpaka chini ulimi ukiwa nje, akageuza ukurasa, akasoma tena. Hakukuta mstari unaokataza. Akaingia kwa mkubwa wake, Bwana Shauri, nikasikia kicheko, akatoka na kusema nilete bunduki tu. Nalitaka jina langu mle daftarini, Twalib. Bibi alilisha watu kanga miaka ishirini na miwili kwa jina la mtu mwingine. Alipopelekewa habari hii alifungua ufunguo pindoni, anasema ataufunga upya siku ya ndoa, pindoni mwangu.

Aliloniambia kule Butiama ni hili: "Atataka kukufundisha kulenga. Mwache afundishe." Nimelificha mwezi mzima, nimeshindwa.

Wageni wa Mwanza baba amewaandikia kwa adabu sana. Amewaeleza kwamba binti ana bunduki. Wamejibu upesi kwamba wanatutakia heri.

Mama yako na baba yako mdogo waje tarehe 16, tutapika sato. Wewe uje tarehe 24 na bunduki, ndoa iwe siku hiyo, na Jumatatu tukasimame Boma tukiwa na kila kitu, siku nne kabla ya stoo. Ifunge vizuri kwenye baiskeli.

Ndani ya bahasha nimekutilia lile ganda la Babu. Likae mfukoni mwako mpaka ufike. Nakujua, siku ya kuondoka mzee wa gulio atakuja kukaa juu ya tairi lake akuage, na utashindwa kumnyima. Litie kwanza kwenye mtutu, ndipo umpigie. Mara moja tu.

Ni mimi, mwenye bunduki,
Mwanaupe